Sale la Hanna

Mtu akiniambia neno "kimsingi" tena, nitamrushia mkasi. Nimelisikia mwaka mzima kutoka kwa wakili Reginald, kijana wa watu, mpole, msomi, tai shingoni hata jua likiwaka. Ofisi yake iko juu ya duka la magodoro hapa Kaloleni, karibu na uwanja wa mpira, hatua chache kutoka kibanda changu cha cherehani. Kimsingi hivi, kimsingi vile. Na mimi Anneth nimekaa kwenye kiti chake cha plastiki nikimsikiliza anamweleza wifi yangu Hanna kwamba kimsingi yeye ni mhalifu.

Hanna! Ngoja kwanza nikuambie Hanna ni nani, ndipo utajua kwa nini damu inanichemka.

Hanna ni mke wa marehemu kaka yangu. Anakaa Akheri, kwenye shamba letu la migomba na kahawa. Jogoo akiwika anamkuta ameshakamua ng'ombe. Hasemi sana. Ukimtukana leo, kesho anakuletea ndizi, wewe unabaki na aibu yako. Mwenye mdomo kwenye ukoo ule ni mimi. Kati yangu na cherehani yangu sijui nani ana kelele zaidi. Yeye udhaifu wake ni mmoja: hawezi kukaa amekosana na mtu. Hawezi kabisa. Ataomba radhi hata kwa kuku aliyemkanyaga.

Kaka alipofariki, binti yao wa pekee, Nancy, alikuwa ndiyo kwanza anaanza sekondari. Hanna akaamua kwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani. Nchi yenyewe siitaji, Reginald ametukataza, na ile nyingine ya wazungu siitaji pia. Wewe elewa tu kwamba kuna nchi ya joto iliyomfunga na nchi ya baridi iliyomkataa. Siku ya kuondoka, mama yangu, ambaye ndiye mama mkwe wake, alikwenda mpakani mwa shamba akakata majani mawili ya sale, akayaweka kwenye begi katikati ya kanga.

"Unakwenda kwa watu usiowajua," mama akamwambia. "Ukimkosea mtu, mpelekee hili. Usibishane."

Kwa asiyejua, sale ni ule mmea wa majani marefu ya kijani tunaoupanda mipakani huku mlimani. Ukiwa umemkosea mtu vibaya, unachukua jani la sale, unalifunga fundo, unampelekea kwa mikono miwili. Aliyeletewa sale hakatai. Anaweza kununa, anaweza kulia, anaweza kukudai mbuzi, lakini hawezi kusema sikusamehe. Nimeona kwa macho yangu ndugu waliogombea mpaka wa shamba miaka na miaka wakakaa chini wakala pamoja kwa sababu ya jani hilo.

Basi. Huko alikokwenda alikaa vizuri tu mwanzoni. Siku moja akapiga pasi gauni la mama mwenye nyumba, gauni lenyewe la harusi ya mdogo wake, likaungua begani. Yule mama hakumpiga, hakumtukana. Alinyamaza. Siku zikapita hasemi naye, chakula anasukumiwa. Na huyo ndiye Hanna niliyekueleza, asiyeweza kukaa na ugomvi! Lugha hawaelewani, zaidi ya "leta" na "osha". Akakumbuka begi. Akatoa jani la sale, lilishakauka, akalifunga fundo, akapiga magoti mlangoni pa chumba cha yule mama, akamnyooshea kwa mikono miwili.

Yule mama alipiga yowe mpaka majirani wakaja.

Hebu jiweke kwenye nafasi yake, ingawa mimi hiyo nafasi sitaki hata kuisogelea. Mfanyakazi mgeni amepiga magoti mlangoni, ananong'ona Kimeru, ameshika jani kavu lenye fundo. Na kwa bahati mbaya wiki hiyohiyo mtoto wa nyumba ile akashikwa na homa. Polisi wakaja, begi likapekuliwa, jani la pili likapatikana. Uchawi! Na kule uchawi ni kosa la jinai, mtu anafungwa kweli. Mahakamani wakamletea mkalimani wa Kiingereza, na Kiingereza cha Hanna kiliishia darasa la saba, tena hakikuanza vizuri. Akaambiwa aweke dole gumba kwenye karatasi. Akaweka, akidhani ndiyo ruhusa ya kurudi nyumbani. Wakamfunga. Alipomaliza kifungo wakampandisha ndege, na wakampiga marufuku kukanyaga kwao maisha yake yote.

Aliporudi hakusimulia sana. Alinieleza mimi mara moja tu, tukichambua maharage, kisha akashika jembe. Nancy akamaliza shule kwa michango ya ukoo, akapata kazi ya kutunza wazee huko nchi ya baridi, akaolewa na Loserian, kijana wa Kiarusha wa hapa Sakina ambaye anaendesha malori hukohuko. Tukasema yamekwisha.

Yamekwisha wapi!

Mimba ya kwanza ya Nancy iliharibika ikiwa imeshakuwa kubwa. Alikuwa peke yake ndani, mume yuko njiani na lori, nje theluji. Alipopata nyingine alimpigia mama yake simu akasema maneno machache tu. "Mama, safari hii njoo. Peke yangu siwezi." Na huku kwetu binti akijifungua, mama yake ndiye anayemlea. Anampikia mtori wa ndizi, anamkanda, anamwogesha mtoto, anawafukuza wageni wenye maneno mengi. Hilo tu ndilo Hanna alilolitaka duniani. Hakutaka kuhamia kwa wazungu, hakutaka kazi zao. Alitaka kwenda kupika mtori.

Tukajaza maombi ya viza kwenye kompyuta. Swali likatokea: je, umewahi kutiwa hatiani katika nchi yoyote? Mimi nikasema andika hapana, nani atajua? Hanna akaniangalia kama vile nimetema mate kanisani.

"Wifi, nitakwendaje kumlea mzazi kwa uongo?"

Akaandika ndiyo. Jibu likarudi: haruhusiwi kuingia, kwa sababu ya kosa la jinai alilolitenda nje. Malipo ya ukweli hayo! Ndipo tukapanda ngazi za Reginald.

"Kimsingi kuna njia mbili," akatuambia. Ya kwanza ilikuwa nyepesi. Hanna aandike kwamba kosa alilitenda, amejuta, miaka imepita, sasa ni mtu mwingine, na mchungaji wake athibitishe kwamba amebadilika. Wengi hukubaliwa kwa njia hiyo, tena mapema, na Nancy alikuwa bado ana muda. Njia ya pili ilikuwa kuipinga hukumu yenyewe. Kwamba alichokifanya si kosa hata kidogo kwa sheria za nchi ya baridi, na kwamba kesi haikuendeshwa kwa haki. Hiyo ilikuwa ndefu, na ilihitaji nakala ya hukumu.

"Nakala inapatikanaje?" nikauliza.

"Kimsingi mhusika anakwenda mwenyewe mahakamani kulekule."

"Si wamempiga marufuku kukanyaga kule?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa anakwendaje?"

Reginald akarekebisha tai yake. "Hapo ndipo penye changamoto."

Changamoto! Siku hizi hata nyumba ikiungua ni changamoto. Nikasema hapana, sisi tunakwenda na njia ya kwanza, na hapohapo nikamshika Hanna mkono tukaenda Akheri kwa Mchungaji Aminiel. Mzee wa watu alitukaribisha vizuri, tukamwamkia, tukaletewa chai ya maziwa. Nikamweleza barua tunayoitaka. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani.

"Anneth, niandike amebadilika kutoka wapi kwenda wapi? Mtu akikutwa na ushirikina hapa tunamtenga, anatubu mbele ya usharika, tunamrudisha kundini. Hanna sijawahi kumtenga. Ni mzee wa kanisa! Nitamrudishaje kundini kondoo ambaye hakutoka?"

"Mchungaji, ni maneno tu ya kuwapa wazungu."

"Ni sahihi yangu, mwanangu." Akamgeukia Hanna. "Lakini kama wewe mwenyewe unasema ulitenda, sema. Jumapili utasimama mbele, utatubu, nami nitaiandika barua siku hiyohiyo."

Nikamkanyaga Hanna mguu chini ya meza. Sema ndiyo! Sema tu, Jumapili moja, dakika tano, watu watasahau kabla mnada wa mazao ya sadaka haujaisha. Hanna akasogeza mguu wake.

"Nitubu nini, Mchungaji?" akasema polepole. "Niseme nilimroga mtoto wa watu? Mimi nilimwomba yule mama radhi. Nikilitubia hilo, siku nyingine nikimkosea mtu nitamwendea na nini?"

Mchungaji akavaa miwani yake, akaniangalia mimi, eti nijibu. Nilinyanyuka nikaondoka na chai sikuimaliza. Nilikuwa nimekasirika, nakuambia ukweli, nilikuwa nimekasirika mpaka masikio yananiuma. Njia nzima nilimsema. Nikamwambia ana kichwa kigumu, nikamwambia heshima haimbebi mtoto mgongoni, nikamwambia Nancy akifiwa tena atamlilia nani. Hilo la mwisho lilimfikia. Alisimama katikati ya migomba, akashika mdomo. Lakini hakubadili neno. Alikwenda kukata majani ya ng'ombe.

Nancy naye alipopata habari alipiga simu mchana huohuo. Simu ilikuwa imewekwa kwenye spika kwa sababu Hanna alikuwa na mikono yenye udongo, kwa hiyo nilisikia kila kitu.

"Mama, andika tu umetubu. Ni karatasi tu."

"Kwangu si karatasi, Nancy."

"Mimi ninaogopa, mama! Ninaogopa kila nikiamka! Unanielewa?"

"Nakuelewa, mwanangu. Nitakuja kwa njia ya pili."

"Njia ya pili mtoto atakuwa ameshazaliwa. Basi sawa. Jani lako ni bora kuliko mimi."

Akakata. Hanna alibaki ameiangalia ile simu mpaka ikazima mwanga. Nancy hakupiga tena. Akipigiwa hapokei. Huyu ni mtoto ambaye mama yake alifungwa akimtafutia ada, jamani. Na siwezi kumlaumu sana kwa sababu maneno yake yalikuwa yangu, tofauti ni kwamba yeye alikuwa na tumbo.

Tukaanza njia ya pili. Nisikuchoshe. Reginald aliandika kule Uarabuni, wakajibu aje mhusika. Akaandika tena kueleza kwa nini mhusika haji, wakajibu maombi ya mhusika yanapokelewa dirishani kwao tu. Hata yeye mpole siku hiyo alipiga meza. Mwishowe tukapeleka nchi ya baridi tulichokuwa nacho: hati ya kuachiwa gerezani, maelezo ya Mchungaji Aminiel kuhusu sale na kazi yake, ya wazee wa ukoo, na picha za mpaka wa shamba letu. Mimi nilisimama kwenye picha moja nikiwa nimenuna, Reginald akasema kimsingi inafaa.

Katikati ya kusubiri, Hanna akiwa kibandani kwangu, Loserian akapiga. Mtoto wa kike, salama salimini. Nilipiga vigelegele mpaka wateja wakaingia ndani kuuliza. Hanna akashika simu kwa mikono miwili.

"Mzazi hajambo? Nipe nimsalimie."

"Amelala, mama," Loserian akasema. Hata mimi nilijua hajalala.

"Anakula nini?"

"Anakula tu vizuri, mama. Mikate."

"Mikate," Hanna akasema. Siku iliyofuata alipika mtori wa sufuria kubwa kabisa, wenye nyama na maziwa, kama vile mzazi yuko chumba cha pili. Akaugawa kwa majirani, yeye hakuuonja.

Kisha tukaitwa kwenye mahojiano. Ilikuwa kwa kompyuta, ofisini kwa Reginald. Afisa alikuwa mama wa kizungu mwenye skafu, uso hausomeki. Hanna alikaa mbele amevaa gauni nililomshonea. Yule afisa akasema kitu kwa Kiingereza. Kisha ikatoka sauti ya mwanamume, hatumwoni, Kiswahili chake laini cha watu wa pwani.

"Bi Hanna, hujambo? Mimi ni mkalimani wako. Unanielewa ninavyosema?"

Hanna akainamisha kichwa. Nilimwona mabega yanapanda na kushuka. Nikasema Mungu wangu, amegoma tena, huyu mwanamke atatuua. Kumbe analia.

"Nakuelewa, baba," akasema. "Wewe ndiye wa kwanza."

Yule mkalimani akamtafsiria afisa.

"Afisa anauliza, siku ile ulifanya nini?"

"Niliunguza gauni la watu. Nikaomba radhi."

Wakamuuliza namna gani. Akaeleza: jani, fundo, magoti, mikono miwili. Wakamuuliza kuhusu mtoto mwenye homa. Akasema homa ile alikuwa akiipoza yeye mwenyewe kwa kitambaa mpaka polisi walipomtoa. Hilo hata mimi sikuwahi kulisikia. Wakamuuliza kama mahakamani aliwaeleza haya. "Nani angeniuliza?" akasema. Kisha yule mama wa kizungu akauliza jambo ambalo halikuwa kwenye yale maswali aliyotufundisha Reginald.

"Anauliza, kwenu mtu akiletewa jani hilo, yeye anafanya nini?"

"Analipokea," Hanna akasema. "Hana lingine."

Nilitoka pale nimechoka kuliko aliyehojiwa. Miaka yote ile, kifungo, marufuku, barua za kwenda na kurudi, kumbe dawa ilikuwa ni mtu mmoja kumuuliza kwa lugha anayoijua, "Ulifanya nini?" Swali la bure! Hata mimi nikiamua ugomvi wa watoto wawili kibarazani ninaanza na hilo.

Jibu lilipokuja, Reginald alishuka ngazi mbiombio mpaka kibandani kwangu, tai imekwenda mgongoni. "Amekubaliwa! Wamesema si kosa! Anakwenda!" Hakusema kimsingi. Nilifunga duka nikapanda Akheri nikiimba. Nilimkuta Hanna anaanika kahawa. Nikamwambia. Akasema asante Mungu, nimshukuru yule kijana, kisha akaendelea kusambaza kahawa yake kwa kiganja.

"Hanna! Huendi kufungasha?"

"Niende kwa nani, wifi? Nancy hajasema na mimi tangu siku ile. Nimepewa ruhusa ya kuingia nchi ya watu. Ya kuingia kwake sijapewa."

Nilitaka kupasuka. Nilitaka kumwaga ile kahawa yote. Nchi mbili tumezishinda, tunashindwa na mtoto tuliyemfuta makamasi! Nikaenda nyuma ya banda la ng'ombe, nikampigia Loserian, nikamwambia mpe simu mkeo, na usiniambie amelala.

Nancy akaja. Sikumpa nafasi hata ya shikamoo. Nilimpa zake zote. Nilipopumua nikasikia kilio.

"Shangazi, naona aibu. Nilimwambia neno baya. Nitaanzia wapi?"

"Wewe ni Mmeru au umeshakuwa barafu? Unajua kinachopelekwa."

"Sale nitalipata wapi huku, shangazi?"

"Hilo silijui. Tafuta!" Nikakata, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimeanza kulia na ng'ombe ananiangalia.

Kesho yake simu ya Hanna ikaita, ya video. Tulikuwa tumekaa wote wawili jikoni. Nancy akatokea amepiga magoti kwenye zulia, Loserian amemshikia simu, mtoto yuko kifuani kwa baba yake. Pembeni ya Nancy pana chungu cha plastiki, na ndani ya chungu, nakuapia, sale! Limesimama wima, kibandiko cha bei bado kipo.

"Linauzwa huku, mama," Nancy akasema. "Kwenye duka la maua. Watu wanaweka sebuleni, pambo."

Nilijishika kichwa. Pambo! Nchi moja wanamfunga mtu kwalo, nchi nyingine wanalimwagilia maji pembeni ya televisheni. Nilianza kucheka, nikaanza kutukana, sijui kipi kilitangulia. Hanna akaniwekea mkono gotini, ninyamaze.

Nancy alikuwa amekata jani moja. Akalifunga fundo, vibaya vibaya, maana hakuwahi kufundishwa. Akalinyoosha kwa mikono miwili kuelekea kwenye simu, kichwa chini.

Hanna aliiegemeza simu kwenye birika. Akapangusa mikono kwenye kanga, akainyoosha yote miwili mbele ya kile kioo kidogo, viganja juu.

"Nimelipokea," akasema. "Inuka, mwanangu. Mzazi hapigi magoti chini kwenye baridi. Na huyo mtoto mbona hajavalishwa kofia?"

Siku ya kwenda uwanja wa ndege nilimpekua begi lake mpaka kwenye mfuko wa sabuni. Nilikunjua kanga zote, nikatikisa na viatu.

"Unatafuta nini, wifi?"

"Jani! Nakujua wewe. Tukipambana na ofisi ya tatu mimi nitakufa."

Hanna akazikunja kanga zake upya, moja moja.

"Sijabeba," akasema. "Safari hii naletewa mimi."